Nguo Tano Nzima na Moja ya Viraka

Banza, ndugu yangu,

Leo ni Ijumaa. Nimetoka msikitini sasa hivi na duka sijalifungua. Nimekaa nyuma ya cherehani, mlango nimeurudisha, wateja wakigonga nanyamaza. Naandika kwenye karatasi za daftari la vipimo kwa sababu nyingine sina. Ulikuwa ukinicheka: "Amisi anasemaka Kiswahili ya kitabu, lakini kitabu yenyewe hawezi kuiandika." Basi leo naandika. Miezi kumi na minne imepita tangu ziwa likuchukue, na kuna jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote hapa Kamina. Nataka kulisema kwako kwanza, halafu niende kulisema pale linapotakiwa kusemwa.

Habari za nyumbani kwanza, najua ungeanza kuuliza hizo. Mke wako Numbi bado anafundisha darasa la tatu kwenye shule ya misheni, madirisha hayana vioo na watoto wanakalia matofali. Binti yako Mwamba ameingia kwaya ya kanisa lenu, na sauti yake ni nzito kuliko mwili wake. Yule mdogo, Ilunga, ameota meno ya mbele, makubwa kama yako, kila akicheka mama yake anageuka pembeni. Treni ya Bukama inakuja inapotaka. Vita havijaisha. Benchi lako liko palepale chini ya dirisha. Solisio, ile gundi yako ya mpira, imekauka ndani ya kopo, imekuwa kama jiwe, na mimi sijaweza kulitupa hilo kopo.

Unakumbuka tulivyoanza? Uliingia hapa na ukurasa uliochanwa kwenye gazeti la Kifaransa. Mtu amevaa nguo nyeusi ya mpira, imembana kutoka shingoni mpaka magotini, kifua kimetuna kwa hewa, anateleza juu ya maji nyuma ya mashua huku akicheka. Ukanitandikia ukurasa wako juu ya suruali ya mwalimu mmoja niliyokuwa naikata, ukasema, "Ndugu, hii tutaishona." Nikakuuliza nani ataivaa hapa, mji wa reli na vumbi, maji ya kunywa yenyewe tunayapangia foleni. Ukasema, "Bukama iko na mayi. Kisale iko na mayi. Nguo njo hakuna."

Mpira uliujua wewe. Ujanani ulifanya kazi kambini, kwenye karakana ya kutunza mashua za kupuliza na makoti ya marubani, na kazi ilipokufa ukabaki unaziba mipira ya ndani ya magurudumu ya magari pale karibu na gare, kituo cha treni. Mimi nilijua kitambaa tu. Mwanzoni ulinilazimisha nishone mpira wenyewe kwa sindano, na kila tundu la sindano likawa tundu la hewa. Tukaitumbukiza kwenye beseni mnaloogeshea watoto, ikachemka mapovu kama sufuria ya maharage. Wiki nzima tuligombana. Halafu nikawaza: mfuko wa hewa ufungwe kwa gundi peke yake, uwe kama kibofu, na nguo ya turubai iwe juu yake na mifuko ya kuupokea, kifuani na mgongoni, sindano isiguse mpira hata mara moja. Nilipokuonyesha, uliugeuza mfuko huku na huku. Kisha ukasema, "Wafwako, Amisi." Shukrani kwa Kiluba chenu uliitoa mara chache, nami niliitembeza siku nzima kama mtu aliyevaa viatu vipya.

Ulinifundisha kukwangua mpira kwa tupa mpaka uache kung'aa, kupaka solisio nyembamba, kungoja mpaka mgongo wa kidole usinate, kupaka tena, kisha kugandamiza kwa chupa ya soda iliyojaa mchanga. "Solisio haipendake haraka," ulisema. Nikiharakisha ulinipiga kiganja kama mtoto wa shule, na mimi nakuzidi umri kwa miaka minne.

Na siku ya kujaribu! Shimo la wafyatua matofali lilikuwa limejaa mvua. Ukaamua nivae mimi, nisiyejua kuogelea. "Kama itakushika weye, itashika kila mutu." Nikaingia. Ikanishika kweli, lakini nguo ikapanda mpaka masikioni, mikono ikabaki juu, nikawa nimening'inia ndani yake kama shati kwenye kamba, na maji yananiingia puani. Uliruka na viatu vyako. Ulinitoa ukicheka mpaka ukakaa kwenye tope, na mimi sikukusemesha siku mbili. Siku ya tatu nikaja na mikanda: mmoja wa kupita katikati ya mapaja, mmoja wa kiunoni, na mafundo magumu yasiyofunguka kwa kucheza. Nguo haikupanda tena. Nilijivunia yale mafundo, Banza. Utaona kwa nini nakuandikia hivyo.

Halafu zikaja zile Jumatatu za Pasaka kule Bukama. Vijana wa reli wakishindana kuogelea kutoka gati mpaka mitumbwi iliyofungwa, watu wawili juu ya ukingo kazi yao kuangalia viboko. Wasiojua kuogelea nao wakaingia, na hilo ndilo ulilolitaka tangu mwanzo. Namkumbuka yule mama mnene muuza mawese. Aliingia na kilemba chake kichwani, akifumba macho, akaelea. Alipofumbua na kujiona yuko juu ya mto Lualaba na hazami, alianza kuimba. Wewe ulisimama kwenye maji ya magoti, uso umelowa. Nikakuuliza kama unalia. Ukasema ni jasho.

Sasa nifike kwenye lile jambo. Mkono wangu hautaki, lakini nifike.

Vita vilipokaribia mto, walikuja wale maofisa wawili wa jeshi kwa jeep. Ulikuwa umekaa kwenye benchi lako. Waliziangalia nguo ukutani, wakazibonyeza, wakataka kumi na mbili, za watu wao kuvukia mto. Hukusimama. Ulisema polepole, ukiangalia tupa yako, "Hapana, chef. Hii nguo iko ya kuokoa mutu. Hatushonee bantu ya bunduki." Yule mkubwa alitabasamu. Akaliangalia cherehani langu, akaniangalia mimi, akasema atarudi Jumatatu.

Jumatatu hukuja dukani. Ulidhani na mimi sitakuja.

Nilikuja, Banza. Nilifungua, nikawakubalia. Nikachukua mipira ya malori uliyoikusanya miaka miwili kwa madereva wa Lubumbashi, mmoja mmoja, ile minene uliyoiweka kwa ajili ya mashindano ya mwaka uliofuata, nikaikata. Nilipaka solisio ulivyonifundisha, sikuharakisha hata moja. Nilitumia turubai zuri lote. Watu wakiuliza ulipo nilisema unaumwa. Hawakunipiga, ndugu yangu. Hakuna aliyeniinulia mkono wala sauti. Niliogopa mwenyewe, kabla hawajanitisha, na hilo ndilo linaloniamsha. Walipokuja kuchukua zile kumi na mbili mwisho wa wiki, mkubwa wao alinipa karatasi yenye muhuri, akasema duka langu halitaguswa. Halikuguswa.

Uliporudi ukaona ukuta uliokuwa na mipira uko wazi. Ulichukua tupa yako na chupa yako ya mchanga, ukaondoka, na wiki tatu ukazibia watu mipira mbele ya nyumba yako. Nilikuwa napita kwa mbali nikuone. Ulikuwa unaniona, najua.

Kisha habari zikaanza kushuka na mto. Watu wa Malemba-Nkulu wanakimbia, wanapitia maziwani, wamepakiana kwenye mitumbwi na magodoro na mbuzi, na mitumbwi inapinduka. Asubuhi ya Jumamosi ukasimama mlangoni kwangu na kikapu. "Imebakia nini?" Hayo tu.

Zilibaki nguo tano nzima za mashindano ya Bukama. Ya sita ilikuwa ile niliyoishona kwa mabaki, mipira ya zamani ya baiskeli na gari ndogo, viraka juu ya viraka. Nilikuwa naona haya hata kuitundika. Ulizikunja zote sita. Nikasema, "Banza, ile ina tundu. Iache." Ukasema, "Ile nitavaa minyi. Minyi najua kuogelea." Ukajitwisha kikapu. Nilitaka kushika mkono wako, nikashika mlango. Ulipofika barabarani uligeuka, ukasema, "Tutasemezana nikirudia." Ukaenda kupanda treni.

Yaliyofuata niliyapata kwa mwanamke anayeitwa Kalenga. Wiki tano baadaye aliingia dukani, miguu imevimba, mtoto mgongoni, na nguo yetu moja mkononi, imekunjwa vizuri kama ya kanisani. Aliuliza, "Weye njo Amisi wa cherehani?" Nilijua kabla hajakaa.

Alisema ulikaa nao siku tisa. Ulikuwa na mvuvi mmoja na mtumbwi wake, mnawavusha watu kutoka visiwa vya mafunjo vya ziwa Kisale. Kina mama uliwavalisha zile nguo tano, unapuliza mwenyewe kwa mdomo, unawafunga watoto wao kifuani, unavuta kila mkanda mara mbili. Mkifika ng'ambo unazikusanya, mnarudi kuchukua wengine. Siku ya tisa upepo uliamka ghafla na mtumbwi ukageuka mbali na nchi kavu. Wale watano walielea. Kalenga alikuwa mmoja wao, na mtoto wake, yule niliyekuwa namwona ananyonya mbele yangu. Wewe ulimshika mtoto wa kwanza kati ya wale wasio na nguo, ukampeleka kwenye mafunjo. Ukarudi, ukampeleka wa pili. Uliporudi mara ya tatu, alisema, nguo yako haikuwa na hewa tena. Turubai lilikuwa limekunywa maji. "Alikuwa anapigana na fundo hapa," akajishika kiunoni, "fundo ilikatala."

Fundo langu.

Nilimwomba arudie. Sijui kwa nini nilimwomba arudie. Akarudia.

Wavuvi wakakupata kesho yake, wakakuzika upande wa Sanga, juu kidogo, maji yasipofika. Kalenga alikuwepo. Alisema waliimba na hakuna aliyejua wimbo wa kanisa lenu, wakaimba wa kwao. Nikamuuliza kwa nini amebeba nguo njia yote ile, na mtoto mgongoni. Akasema wewe ulimwambia siku ya kwanza: akifika Kamina airudishe kwa Amisi, karibu na gare, "iko mwenzangu, atatengeneza ingine." Iko mwenzangu. Baada ya wiki tatu bila salamu, uliwaambia hivyo watu usiowajua, katikati ya ziwa.

Mimi ndiye niliyepeleka habari kwa Numbi. Alikuwa anasahihisha madaftari. Alikifunika kichwa chake kwa daftari la mtoto wa watu na sauti ikatoka chini yake ambayo sitaiandika. Kilio kilikaa siku saba, bila mwili. Kwaya iliimba, sisi wa msikitini tukakaa upande wetu tukasoma, na watu wote wakaniachia mkeka wa karibu na familia, kwa sababu nilikuwa rafiki yake marehemu. Nikakaa pale. Ilunga akalala kwenye mapaja yangu. Ananiita baba mukubwa.

Na tangu hapo, kila Ijumaa nikitoka kuswali, Numbi ananiletea bukari na sombe, ugali na majani ya muhogo, kwenye sahani iliyofunikwa. Anaiweka juu ya benchi lako. Anasema, "Kula, shemeji," anakaa kidogo, kama mtu anayesubiri kitu, anaenda. Nakula mbele yake mpaka sahani iwe tupu. Miezi kumi na mitatu. Anadhani analisha mtu aliyekuwa nawe mpaka mwisho. Hajui kwamba mipira iliyokuwa ikushike wewe ilikuwa inawashika wengine wenye bunduki, mahali nisipopajua, na kwamba niliikata mimi kwa mkasi huu ulio hapa.

Leo amechelewa. Nimekaa namngoja na naogopa kuliko siku ya jeep. Nimeona niende mwenyewe kabla hajaja. Naiacha karatasi hapa juu ya meza.

*

Nimerudi, Banza. Jua bado lipo. Nitakuambia kama ilivyokuwa.

Alikuwa uani anachambua sombe, Mwamba ametumwa kisimani. Sikukaa. Nilisema yote nimesimama: maofisa, Jumatatu, mipira, wiki tatu, nguo ya viraka, fundo. Nilisema kwa Kiswahili changu cha kitabu na kila neno lilikuwa refu mno. Yeye aliendelea kuchambua, jani baada ya jani. Nilipomaliza akaendelea mpaka rundo likaisha. Kisha akasema bila kuniangalia:

"Shemeji, minyi nilijua. Banza aliniambia yote mbele ya kupanda treni."

Nilishika nguzo ya nyumba.

"Kila Ijumaa nilikuwa naleta ile chakula, nilikuwa nangoja weye useme. Nasema, leo atasema. Narudia kwa nyumba na sahani, hakuna kitu. Mwezi, mwezi ingine. Nikafikiri, labda huyu hatasema mpaka tutakufa bote."

Nikamuuliza ulisema nini juu yangu. Akakunja mikono juu ya sinia.

"Alisema, Amisi aliogopa. Alisema, nikirudia nitamwambia haizuru."

Haizuru. Neno lako la kila siku, kwamba hakuna ubaya, la solisio iliyomwagika, la treni isiyokuja, la mvua juu ya turubai. Ulilibeba mpaka Kisale na ukazama nalo. Wiki tatu ulikuwa mita mia mbili kutoka mlango wangu, na mimi nilikuwa na miguu miwili. Ningeweza kuja siku yoyote kulichukua.

Nililia pale uani kwa sauti, mtu mzima wa ndevu za mvi, kuku wakakimbia. Numbi hakulia. Aliniacha mpaka nikamaliza. Kisha akasema kwa utaratibu, kama anavyowaambia watoto wa darasa lake, "Sasa usikuye hapa kwanza. Na minyi sitaleta chakula. Kwa miezi yote hii ulinifanya nibebe hii kitu peke yangu. Siku nitakuwa tayari, nitakuita."

Nikasema ndiyo. Nilipofika kwenye njia nikakutana na Mwamba na ndoo yake kichwani. Akanisalimia, "Jambo, baba mukubwa." Nilimpisha apite.

Hivyo ndivyo ilivyo. Nilidhani nikisema nitapumua. Sijapumua. Lakini yeye labda ataanza, na hilo lilikuwa haki yake tangu siku ya kwanza.

Mambo mengine machache kabla sijafunga. Fundo nimeliondoa kwenye nguo zote. Sasa mkanda una kitanzi kirefu kifuani, mtu akikivuta mara moja tu, hata vidole vikiwa na baridi, nguo yote inafunguka. Nimekijaribu mara nyingi sana, mimi mwenyewe, ndani ya shimo la matofali. Nimejifunza kuogelea, ndugu yangu. Vibaya, kama mbuzi, lakini naogelea. Wafyatua matofali wanakaa ukingoni wananitazama, na mmoja wao ameanza kushuka ananifundisha miguu.

Mwaka huu maofisa wengine walikuja, si wale. Walitaka nguo. Nilisema hapana. Niliogopa, na nilisema hapana. Walichukua cherehani la pili na kuondoka. Sikuandikii hili unisifu. Nakuambia tu kwamba lilisemeka, na lingesemeka Jumatatu ile.

Nakuahidi haya, na wewe ndiye shahidi. Sitaenda nyumbani kwako mpaka niitwe, hata ikiwa miaka. Siku Numbi akitaka kwenda Sanga kuona ulipolala, nitatafuta treni, nitatafuta mtumbwi, nitakaa nyuma kabisa na sitasema neno mpaka yeye aseme. Wanao nitawashonea sare za shule nikiwa hai, wapewe na mtu mwingine kama hawataki kuziona zikitoka mkononi mwangu.

Na watu bado wanavuka. Kalenga amejenga karibu na gare, anasema yule mvuvi amepata mtumbwi mpya na anauliza kama Kamina kuna nguo. Nimeshona saba. Mipira imetoka kwa madereva walewale, walikumbuka jina lako. Treni ikija wiki hii nitakuwa ndani yake. Nitawavalisha watu, nitapuliza kwa mdomo wangu, nitavuta kila mkanda mara mbili, na nitavaa ile itakayobaki.

Lala salama huko juu, maji yasipofika. Mungu akupe nafasi kubwa kuliko hii tuliyokupa sisi.

Kwaheri, Banza.

Amisi